Kazi ya Kuthibitisha Kwamba Unatafuta Kazi

Kila nikirudi Tanga hakosekani mtu wa kuniuliza kama ni kweli Uingereza mtu asiye na kazi analipwa na serikali. Nikijibu kwamba ni kweli, watu hutazamana, mmoja akaguna, mwingine akasema basi Wazungu wana hela za kuchezea. Hakuna anayeuliza huyo mtu analipwa ili afanye nini, na nadhani hapo ndipo penye habari yenyewe. Posho hiyo nimeila mwenyewe, na baadaye nimekaa miaka nikiwa mkalimani kati ya wanaoitoa na wanaoipokea. Nilichojifunza ni kwamba kutafuta kazi ni jambo moja na kuthibitisha kwamba unatafuta kazi ni jambo jingine, na serikali inapozidi kung'ang'ania hilo la pili, la kwanza linakosa muda wake.

Mwaka 2013 posho ya mtu mzima asiye na kazi, mwenye umri wa miaka 25 au zaidi, ilikuwa paundi 71.70 kwa wiki. Kodi ya nyumba ilikuwa na msaada wake wa pembeni, lakini chakula, gesi, umeme, nauli ya basi na salio la simu vyote vilitoka humo. Kila baada ya wiki mbili ulikwenda kusaini. Unafika jobusenta, yaani ofisi ya ajira ya serikali, kwa saa uliyopangiwa, unaketi mbele ya afisa, unaeleza umefanya nini kutafuta kazi, unasaini, pesa inaingia benki. Posho hiyo ilianza Oktoba 1996, na tangu mwanzo sharti lake lilikuwa kwamba uwe tayari kufanya kazi na uwe unaitafuta kwa dhati. Kilichobadilika baadaye ni ukali. Kuanzia Oktoba 2012, kukosa miadi kulitosha kukukatia posho wiki nne, na ukirudia, wiki 13. Aliyekataa kazi, au aliyekataa kwenda kwenye kazi ya lazima isiyo na mshahara, akafika mara ya tatu, aliweza kukatwa miaka mitatu. Adhabu hiyo ya miaka mitatu ilikuja kufutwa mwaka 2019, baada ya watu wengi kuionja.

Mimi nilifika huko kwa njia ya kawaida. Nilikuwa nafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha vyakula, kwenye mji mmoja wa maghala katikati ya Uingereza. Nyumbani kazi zetu hizi huitwa kubeba boksi, nami sina ugomvi na jina hilo, maana nilianza kwa kubeba boksi kweli, kisha nikapanda hadi kuwa msimamizi wa laini. Kampuni ikaunganisha viwanda viwili, chetu kikafungwa, tukapunguzwa. Siku ya mwisho tulikula keki, tukapigana picha, tukaagana.

Afisa wa kwanza aliyenipokea alikuwa mama mtu mzima anayekaribia kustaafu. Hakuanza na kompyuta. Aliniuliza nimefanya nini maishani, napenda nini, nazungumza lugha zipi. Nilipomwambia Kiswahili alisimama kuandika, akasema hospitali na mahakama za mkoa ule zilikuwa zinahangaika kupata wakalimani wa Kiswahili, kwa sababu wakimbizi kutoka Kongo walikuwa wakiongezeka, na kwamba kuna kozi za kusomea kazi hiyo. Mazungumzo yale hayakufika nusu saa. Baada ya hapo alihamishwa, au alistaafu, na nikawa napangiwa afisa huyu leo na yule kesho. Walionipokea baadaye walikuwa na adabu zao, lakini muda wao ulikuwa wa dakika chache tu, na dakika hizo zote zilikuwa za kijitabu.

Kijitabu chenyewe kilikuwa chembamba, kina safu tatu: tarehe, nilichofanya, matokeo. "Nimepiga simu ajensi. Wamesema wataniita." "Nimepeleka CV dukani. Hawajajibu." Safu ya matokeo ilikuwa karibu ileile ukurasa mzima. Afisa hakuisoma sana. Alipitisha kalamu pembeni akihesabu mistari, na mistari ikitimia alisema vizuri, tuonane tena. Basi nasi tukajifunza. Pale kituo cha basi nje ya ofisi, wanawake wa kila taifa tulifundishana kwamba tangazo moja la kazi linaweza kutoa mistari mitatu: siku ya kuliona, siku ya kutuma maombi, na siku ya kupiga simu kuulizia. Mwishoni mwa 2012 serikali ikaleta tovuti yake ya matangazo ya kazi, Universal Jobmatch, na mambo yakawa mepesi zaidi. Kazi ileile ya ghala ilitangazwa na ajensi nne tofauti, ukaiomba mara nne, mistari minne. Niliomba kazi za udereva bila leseni ya gari. Niliomba kazi za mji wa mbali ambao basi la kwanza lingenifikisha saa mbili baada ya zamu kuanza. Hakuna aliyenidanganya kwamba nitazipata, na mimi sikumdanganya mtu kwamba nazitaka. Zilikuwa mistari.

Waliokuwa upande wa pili wa maombi hayo nao walichoka. Meneja mmoja wa ghala, ambaye baadaye nilifanya kazi chini yake, aliniambia tangazo moja lilimletea mafurushi ya CV za watu ambao hata wakipigiwa simu hawakumbuki waliomba nini. Aliacha kuyasoma. Akihitaji mtu, aliwauliza wafanyakazi wake kama wana ndugu au jirani anayefaa. Kwa hiyo sheria iliyotungwa ili watu watafute kazi kwa bidii ilikuwa imeujaza mlango wa mwajiri kiasi kwamba akaufunga, akabaki na dirisha la kujuana.

Nisieleweke kwamba natetea kukaa bure. Mama yangu alitulea kwa methali ya ajizi ni nyumba ya njaa, na sijawahi kuona sababu ya kumpinga. Wanaotetea ulazima wana hoja yao, tena nzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watafiti vijana wa Vienna, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa na nyumba nyingi hazina mfanyakazi. Mtu angetegemea kwamba watu wenye nafasi tele wangesoma, wangekutana, wangeandamana. Wakakuta kinyume. Vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea polepole na kusimama njiani bila sababu, na wakiulizwa wamefanya nini tangu asubuhi, hawakuwa na la kueleza. Kitabu chao kilitoka mwaka 1933, na yeyote aliyewahi kupoteza kazi akikisoma atajikuta humo. Hata mimi, ile siku ya kusaini ndiyo iliyokuwa ikinijulisha kwamba leo ni Alhamisi. Kumpa mtu saa ya kufika mahali si kumtesa. Ila watu wa Marienthal walikosa kazi, yaani shughuli yenye faida kwa mtu mwingine, inayokukutanisha na wenzako na kukupa jina. Miadi ya kuhesabiwa mistari haiwezi kuwa badala yake.

Nilipokuwa najaza kile kijitabu nilimkumbuka sana mjomba wangu. Mwaka 1983 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, na Bunge likapitisha Sheria ya Nguvukazi iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Mijini, hasa Dar es Salaam, ukaanza msako. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa na kupelekwa kijijini au shambani akalime. Mjomba alikuwa akichoma mahindi na mihogo pembezoni mwa soko la Kariakoo. Aliamka kabla ya adhana na kulala baada ya jiji kulala, lakini kwa macho ya askari alikuwa mzururaji. Wakampandisha lori na masizi yake mikononi. Baada ya muda alirudi mjini, kama walivyorudi wengi, na safari hii alikuja na akili mpya. Alimtafuta mwenye duka aliyemfahamu, akaandikiwa barua kwamba ni mtumishi wa duka lile. Hakuwahi kukanyaga nyuma ya kaunta yake hata siku moja. Hakukamatwa tena, na mahindi yake aliendelea kuyachoma palepale.

Najua serikali hizo mbili hazifanani. Moja haikuwa na shilingi ya kumpa asiye na kazi, ikampa lori. Nyingine ilinilipa, ikaniacha nilale kwangu, na ikanipa haki ya kukata rufaa. Lakini zote mbili zilianzia mahali pamoja, kwenye dhana kwamba asiye na kazi ni mvivu mpaka karatasi iseme vinginevyo, na mzigo wa kuitafuta hiyo karatasi ni wake. Na watu wa pande zote mbili walijibu kwa namna moja. Waliacha kushughulika na kazi, wakashughulika na karatasi. Mjomba alipata barua, mimi nikapata mistari.

Nilipokaa muda mrefu bila kazi nikahamishiwa kwenye Work Programme, mpango wa taifa uliozinduliwa Juni 2011. Serikali ilikuwa imeyapa makampuni binafsi na mashirika ya hisani kandarasi ya kuwashughulikia waliokaa muda mrefu bila ajira, kila mtu hadi miaka miwili, na kuhudhuria ni lazima. Malipo makubwa yalikuja mtu akishapata kazi na kudumu nayo miezi mitatu au sita. Kwenye makaratasi ulikuwa mpango wa busara, maana mwenye kandarasi halipwi kwa maneno. Lakini Februari 2013 Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge la Uingereza ilieleza kwamba katika miezi 14 ya mwanzo ni asilimia 3.6 tu ya walioingia waliopata kazi ya kudumu namna hiyo, wakati lengo lilikuwa asilimia 11.9. Matokeo ya miaka iliyofuata yalikuwa afadhali, ila tatizo moja halikuondoka. Ukilipwa kwa anayepata kazi, unamhangaikia yule ambaye angeipata hata bila wewe. Mgonjwa, mzee, asiyejua lugha, hao unawaweka pembeni na kuwaita mara mojamoja ili faili lisilale.

Ofisi niliyopelekwa ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mazulia. Tulipangwa kwenye viti nusu duara, mkufunzi ni kijana mpole aliyevaa tai. Somo la asubuhi ile lilikuwa ushirikiano kazini. Kila kundi likapewa pakiti ya tambi kavu na gundi ya karatasi, tujenge mnara, mrefu ndio mshindi. Kushoto kwangu alikuwa mzee wa Kipunjabi aliyechomelea vyuma tangu ujana wake mpaka kiwanda kilipomwacha. Kulia kwangu alikuwa mama kutoka Bukavu, mjane, aliyeletwa Uingereza na wanawe katika mpango wa kuwahamisha wakimbizi. Sheria ilikuwa imebadilishwa Mei 2012, kwamba mzazi anayelea peke yake, mtoto wake wa mwisho akitimiza miaka mitano, naye anahesabiwa mtafuta kazi kama wengine.

Akaninong'oneza: "Banasema nini, mama?"

"Wanasema tujenge mnara, mama. Kwa hizi tambi."

Akazitazama tambi, akanitazama mimi. "Hizi si za kula?"

Nilicheka mpaka mkufunzi akageuka. Mzee wa Kipunjabi yeye alijenga. Alifunga pembetatu chini, pembetatu juu, kama afanyavyo mtu aliyesimamisha mapaa ya viwanda, na mnara wake ukawa mrefu kuliko yote. Alipopigiwa makofi aliuliza kwa upole kabisa ni nani hapa mjini anayetafuta mchomeleaji. Kijana akatabasamu, akasema swali zuri, akafungua ukurasa uliofuata, uliohusu kupeana mkono na kumtazama mtu machoni.

Simlaumu kijana yule. Alifundisha alichopewa kufundisha. Lakini angalia kilichotokea kwa watu watatu waliokaa viti vya jirani. Mzee alihitaji cheti kipya cha uchomeleaji, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimepitwa na wakati. Mimi nilihitaji kozi ya ukalimani. Mama wa Bukavu alihitaji Kiingereza kabla ya kitu kingine chochote. Sote tulipewa tambi. Na yule mama jina lake lilikuwa limeshapita kwenye darasa la Kiingereza la chuo cha mtaani, ila darasa lilikuwa asubuhi ileile ambayo programu ilimtaka ghorofani. Ilimbidi achague, akachagua lile ambalo kulikosa kuna adhabu.

Kozi yangu nami niliipata mwenyewe, kwa kukumbuka maneno ya yule afisa wa kwanza. Ilikuwa ya Jumamosi na jioni. Nilipoiandika kwenye maelezo yangu, niliambiwa hiyo si kutafuta kazi, hayo ni masomo, na niangalie nisizidishe saa, maana mwanafunzi wa zaidi ya saa 16 kwa wiki alihesabiwa kwamba hayuko tayari kufanya kazi na posho yake ingeweza kusimama. Wakati huohuo magazeti yalikuwa yamejaa habari za Cait Reilly, msichana wa Birmingham mwenye shahada ya jiolojia, aliyekuwa akijitolea jumba la makumbusho kwa matumaini ya kuajiriwa huko. Aliamriwa aache, aende kupanga bidhaa dukani bila mshahara, la sivyo posho ingekatwa. Alikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani na kisha Mahakama ya Juu zikaona kwamba kanuni zilizotumika hazikuwa zimetungwa ipasavyo. Serikali nayo haikulala. Machi mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria ya kurudi nyuma ili waliokwisha kukatwa posho kwa kanuni zile wasirudishiwe fedha.

Kukatwa kwenyewe nilikuona kwa karibu kupitia mama wa Bukavu. Alikuja kwangu jioni moja na barua mkononi, akitaka nimsomee. Ilikuwa ya kurasa kadhaa, yenye vifungu na namba za vifungu, na habari muhimu ilikuwa imejificha katikati: hakufika miadi fulani, hakutoa sababu inayokubalika, posho imesimama wiki nne. Miadi hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye barua nyingine, ya Kiingereza, iliyokuwa imelala kwenye droo yake kwa sababu aliyemsomea barua siku zote, binti yake wa darasa la sita, alikuwa kwenye safari ya shule. Hakuna aliyemwambia kwamba mzazi mwenye watoto anaweza kuomba malipo ya dharura tangu siku ya kwanza. Mwaka uliofuata, 2014, Matthew Oakley, aliyepewa kazi na serikali yenyewe kuchunguza adhabu hizi, aliandika kwamba barua zake zilikuwa ngumu kueleweka na kwamba wengi hawakujua habari za malipo ya dharura. Sisi tulikuwa tumeshalijua hilo sebuleni kwangu.

Kikundi chetu cha akina mama wanaozungumza Kiswahili kikachangishana: unga, mafuta, sabuni, na paundi za kutia kwenye mita ya umeme ya kulipia kabla, ambayo sisi Watanzania wa huko tunaiita luku tu. Barua ya rufaa tuliiandika pamoja. Nilichokiona katika wiki zile nne sijakisahau. Yule mama hakutafuta kazi hata moja. Alitafuta chakula. Alikwenda kanisani, akaenda benki ya chakula, akaja kwangu, akaenda ofisi ya ushauri wa bure, akarudi kwa miguu. Adhabu iliyotungwa ili kumsukuma kwenye ajira ilimtoa kwenye soko la ajira mwezi mzima.

Mimi nilipata kazi kwa njia ileile aliyoieleza meneja wa ghala. Rafiki alinitaja, nikaanza zamu za usiku, nikibeba boksi upya, huku Jumamosi nikimalizia kozi. Miezi ilipotimia, ile ofisi ya ghorofani ikanipigia simu kwa furaha kubwa kuniomba nakala ya karatasi ya mshahara, ili nao wadai malipo yao. Hatimaye nikafaulu mtihani, nikaanza ukalimani, na kazi mojawapo ikawa kukaa kwenye chumba kilekile cha kusainia, safari hii kwenye kiti cha pembeni.

Kutoka kiti hicho niliona ambayo sikuyaona awali. Maafisa wengi wangependa kusaidia. Mmoja alikuwa na mfuko wa nauli za mabasi anazozigawa kama zake, mwingine alipiga simu chuoni kumtafutia kijana nafasi. Lakini mfumo uliwauliza watu wameitwa mara ngapi na nani hakufika, haukuwauliza nani amekwenda wapi. Na bahati ilikuwa na nafasi kubwa mno. Novemba 2016 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilieleza kwamba baadhi ya wenye kandarasi waliwapendekeza watu wakatwe zaidi ya mara mbili kuliko wenzao waliokuwa na watu wa hali ileile katika eneo lilelile. Mwaka 2018 mradi wa miaka mitano ulioongozwa na Chuo Kikuu cha York, uliowahoji watu 481 wanaopokea misaada na kuwafuatilia, ulihitimisha kwamba adhabu hazikuwasogeza watu kwenye kazi kwa kiasi kinachodaiwa, na kwamba pale maisha ya mtu yalipobadilika, msaada wa kufaa ndio ulioonekana kufanya kazi hiyo.

Wachumi nao wamepima. David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber walikusanya tathmini zaidi ya 200 za mipango ya namna hii duniani. Walikuta kwamba kusukumwa kutafuta kazi huleta faida ndogo ya haraka, na mafunzo ya ujuzi huonekana hayafai kitu mwaka wa kwanza, kisha faida yake hukua mwaka wa pili na wa tatu. Serikali inayotaka takwimu za robo mwaka daima itachagua la kwanza. Ufaransa, Bruno Crépon na wenzake walifanya jaribio kubwa na vijana wasomi wasio na kazi, wakagundua kwamba waliosaidiwa walipata kazi upesi, lakini sehemu ya kazi hizo iliwaponyoka vijana wengine ambao hawakusaidiwa, hasa mahali ambapo ajira ni adimu. Yaani mtu amesogezwa mbele kwenye foleni, na dukani sukari ni ileile.

Hayo yote nayasema kwa watu wa nyumbani kwa sababu na sisi tunaanza kuingia humo. Tangu mageuzi ya mwaka 2018 ya mifuko ya hifadhi ya jamii, Tanzania ina fao la upotevu wa ajira: mwanachama aliyechangia walau miezi 18 na kupoteza kazi bila kupenda hulipwa theluthi ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita. Ni fao la wachache walio kwenye ajira rasmi, lakini limeshafungua mlango, na siku moja atatokea mtu wa kuuliza: tunajuaje kwamba hawa wanaolipwa wanatafuta kazi? Tayari mitaani kwetu kuna vijana wenye vyeti vya semina za ujasiriamali vya kujaza bahasha, walivyovipata kwa sababu kuhudhuria ndiko kulikowafikisha kwenye nauli au mkopo.

Atakapotokea huyo mtu, ningemwomba aanze kama alivyoanza afisa yule wa kwanza, kwa kuuliza. Nusu saa ya kujua mtu anaweza nini ilinifaa mimi kuliko yote yaliyofuata, na serikali haikuilipia zaidi ya mshahara wa mama mmoja. Ningemwomba asifungue kozi yoyote bila mwajiri mwisho wake. Hata huko Uingereza ipo mipango mifupi inayounganisha mafunzo na usaili wa uhakika, ambayo kujiunga ni hiari na ukishajiunga unabanwa uhudhurie, na watu niliowatafsiria huko hawakulalamikia kubanwa, kwa sababu waliona wanakokwenda. Asimlazimishe mtu jambo litakalompotezea lenye faida zaidi. Mama wa Bukavu alikuja kupata darasa lake la Kiingereza mwaka uliofuata, la jioni, na leo ni mpishi msaidizi katika jiko la shule. Mwaka mzima ulipotea kwa mgongano wa ratiba ambao ungemalizwa kwa simu moja. Na kama ni lazima pawepo adhabu, isiguse chakula cha watoto, na isitolewe kwa barua ambayo aliyeandikiwa hawezi kuisoma.

La mwisho, mzigo wa kuthibitisha ubebwe na pande zote mbili. Wenye mpango nao wawe na kijitabu chenye safu tatu: tarehe, tulichomfanyia mtu huyu, matokeo. Kisainiwe kila mwezi mbele ya wanaolipa kodi, na safu ya matokeo isijazwe kwa idadi ya waliohudhuria. Ijazwe kwa kueleza mtu yuko wapi baada ya mwaka, anafanya nini, na kama kazi hiyo angeipata hata bila wao.